Madrasa Inayojitosheleza kwa Nishati: Tuache Israfu Kwanza, Kisha Tuvune Jua



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo, wanafunzi wapenzi pamoja na wazazi wetu, mwaka huu tumeona vyema tuzungumzie jambo ambalo kila mmoja wetu hulikuta linapoingia Magharibi: taa ya kusomea, feni ya kupunguza joto na spika ya adhana. Vyote hivyo vinataka nishati, na nishati ina gharama. Swali letu ni hili: je, jengo la madrasa au shule katika pwani yetu ya Kilwa na Lindi laweza kujitosheleza kwa nishati yake lenyewe? Jibu ni ndiyo, lakini kwa sharti. Sharti hilo ndilo somo la makala hii.

Kwa nini tujitosheleze?

Wilaya ya Kilwa ina utajiri wa nishati unaojulikana nchi nzima. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na mwaka 2004 ilianza kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme pale Ubungo. Hata hivyo, mtoto wa kijiji cha pwani hawezi kuwasha taa yake kwa gesi iliyo chini ya bahari. Baina yake na gesi ile pana bomba, mitambo, nguzo, nyaya, mita na fedha za kununulia LUKU. Kikikatika kiungo kimoja tu katika mnyororo huo, giza linaingia darasani.

Ndugu zetu wa Unguja wanalijua hili vizuri. Mwaka 2008 walikaa karibu mwezi mzima bila umeme, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu iliyotokea katika njia ya umeme unaovuka bahari kutoka Bara. Huku kwetu, Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake vilipofika, barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam ilikatika katika Wilaya ya Kilwa na magari yakakwama. Siku kama hizo ndipo mtu anapotambua thamani ya kuwa na chake mwenyewe juu ya paa lake.

Sababu ya pili ni fedha. Madrasa nyingi huendeshwa kwa ada ndogo na michango ya wazazi, ambao wengi wao ni wavuvi, wakulima wa korosho na ufuta, na akina mama wenye biashara ndogondogo. Kila shilingi inayokwenda kwenye LUKU au mafuta ya jenereta ni shilingi ambayo haikununua msahafu, haikununua chaki, wala haikumfikia ustadhi.

Sababu ya tatu ni afya na elimu. Pale ambapo hakuna umeme kabisa, mwanafunzi husoma kwa kibatari. Moshi wake huingia machoni na kifuani, mwanga wake hautoshi watoto watatu kwa wakati mmoja, na moto wake umekwisha kuunguza nyumba za makuti.

Israfu huanzia wapi?

Watu wengi wakisikia neno sola, wazo la kwanza ni kununua paneli. Hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea. Dini yetu imetukataza israfu katika kula na kunywa, na tumefundishwa tusifuje maji hata tunapotia udhu. Umeme nao ni neema kama maji. Anayeteka maji kwa ndoo inayovuja hahitaji kisima kikubwa zaidi; anahitaji kuziba ndoo. Kwa hiyo kabla ya kuvuna jua, tutazame kwanza nishati inavujia wapi.

Uvujaji wa kwanza uko katika jengo lenyewe. Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, na mapaa ya makuti. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyotiwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 1981, ni ushahidi wa ufundi huo. Ukuta mnene huchukua muda mrefu kupata joto, na chokaa nyeupe hulirudisha jua lilikotoka. Leo tunajenga kwa tofali za saruji na kuezeka kwa bati tupu. Bati likipigwa na jua la saa saba mchana huwa kama kikaango, nalo hulimwaga joto hilo moja kwa moja juu ya vichwa vya wanafunzi. Kisha tunanunua feni ili zipambane na joto tuliloliezeka wenyewe.

Hatusemi turudi kwenye makuti kila mahali. Tunasema tufanye haya:

1. Tuweke dari chini ya bati, hata iwe ya mbao nyepesi au ya mikeka, na tuache matundu chini ya ukingo wa paa ili hewa ya moto itoke.
2. Tupake bati rangi nyeupe. Rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua. Bati lenye kutu hulimeza.
3. Tuweke madirisha pande mbili zinazotazamana, ili upepo wa kusi na kaskazi upenye darasani. Upepo huu umeendesha majahazi kwa mamia ya miaka; haushindwi kupoza chumba.
4. Tupake kuta za ndani chokaa. Darasa jeupe hubeba mwanga wa dirishani hadi nyuma, na mchana hakuna haja ya taa.
5. Tupande miti ya kivuli, kama mwarobaini au mkungu, upande wa mashariki na wa magharibi.

Kibla na jua

Kwa nini mashariki na magharibi? Jua la asubuhi na la alasiri liko chini, hupiga ukuta uso kwa uso na kuingia dirishani. Jua la mchana liko juu, na upenu mdogo tu unatosha kulizuia. Basi jengo linalofaa pwani yetu ni lile ambalo kuta zake ndefu zinatazama kaskazini na kusini, na kuta zake fupi zinatazama mashariki na magharibi.

Hapa pana jambo zuri la kutafakari. Kilwa na Lindi ziko karibu katika longitudo moja na Makka, sisi tukiwa kusini yake. Ndiyo maana kibla chetu kinaelekea kaskazini karibu moja kwa moja. Jengo lililopangwa kwa kufuata kibla, ukuta wa kibla ukiwa ndio mrefu, limekwisha kupangwa vizuri pia kwa ajili ya joto.

Na si hilo tu. Kilwa iko takriban nyuzi 9 kusini ya ikweta, na Lindi takriban nyuzi 10. Kwa muda wa miezi kama minane ya mwaka, kuanzia mwisho wa Februari hadi katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri kwetu liko upande wa kaskazini. Kwa hiyo paneli za sola hapa kwetu huelekezwa kaskazini, yaani upande wa kibla, na kuinamishwa kidogo, nyuzi 10 hadi 15. Mwinamo huo pia huifanya mvua ioshe vumbi. Fundi akikuwekea paneli zikitazama kusini, muulize sababu.

Tupige hesabu

Wanafunzi, chukueni kalamu. Umeme wa kifaa hupimwa kwa wati. Zidisha wati kwa saa za matumizi, upate wati-saa. Wati-saa 1,000 ni uniti moja, ile ile tunayoinunua kwa LUKU.

Tuchukue mfano wa madrasa yenye vyumba vinne, ofisi na sehemu ya kuswalia, inayotumia vifaa vya zamani:

Taa 12 za wati 60, saa 4: wati-saa 2,880.
Feni 8 za wati 75, saa 5: wati-saa 3,000.
Kompyuta ya mezani ya wati 150, saa 4: wati-saa 600.
Amplifaya ya adhana na darsa, wati 60, saa 2: wati-saa 120.
Jumla kwa siku: wati-saa 6,600, yaani uniti 6.6.

Sasa tubadilishe vifaa, bila kupunguza hata saa moja ya masomo. Taa ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaolingana na balbu ya zamani ya wati 60. Zipo feni za mota ya kisasa zinazotumia wati 30 badala ya 75. Kompyuta ndogo ya kukunja hutumia kama wati 40.

Taa 12 za wati 9, saa 4: wati-saa 432.
Feni 8 za wati 30, saa 5: wati-saa 1,200.
Kompyuta ya wati 40, saa 4: wati-saa 160.
Amplifaya kama kwanza: wati-saa 120.
Jumla kwa siku: wati-saa 1,912.

Mwanga ni ule ule, upepo ni ule ule, adhana ni ile ile. Lakini matumizi yameshuka hadi chini ya theluthi moja. Na kama dari na rangi nyeupe vimefanya kazi yake, saa za feni zitapungua tena.

Je, tunahitaji paneli ngapi?

Tuseme kwamba katika miezi ya mvua na mawingu paneli hupata saa 4 za jua kamili kwa siku. Siku za kiangazi hupata zaidi, lakini mwenye busara huhesabu kwa mwezi mbaya, si kwa mwezi mzuri. Tena kuna nishati inayopotea njiani, katika nyaya, betri na inveta. Tukadirie kwamba asilimia 70 tu ndiyo inayotufikia.

Kwa vifaa vya zamani: 6,600 gawanya kwa 0.7, kisha gawanya kwa 4, unapata wati 2,357. Hizo ni paneli 7 za wati 350.

Kwa vifaa vipya: 1,912 gawanya kwa 0.7, kisha gawanya kwa 4, unapata wati 683. Hizo ni paneli 2 za wati 350.

Upande wa betri ni vivyo hivyo. Tukitaka betri iweze kubeba matumizi ya siku nzima endapo jua litafichika, na tusiishushe zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, vifaa vipya vinatoshwa na betri moja ya lithiamu ya volti 24 na ampea-saa 100. Vifaa vya zamani vingetaka betri 4 za aina hiyo.

Huo ndio ule sharti tulioutaja mwanzo. Feni za kisasa na taa za LED ni ghali kuliko zile za kawaida, lakini tofauti hiyo kwa kawaida ni ndogo ukiilinganisha na bei ya paneli tano na betri tatu ambazo hutazinunua. Mradi wa paneli 7 madrasa ya kijijini huenda isiuweze kabisa. Mradi wa paneli 2 unaweza kuchangwa na wazazi wa msikiti mmoja.

Msisahau Ramadhani. Katika mwezi huo kuna tarawehe, darsa na kisimamo cha usiku. Taa zile 12 zikiwaka saa 3 zaidi, zinaongeza wati-saa 324. Hesabu ya betri ifanywe kwa usiku wa Ramadhani, si kwa usiku wa kawaida. Ikiwa haitoshi, feni zizimwe mapema siku hizo, au iongezwe betri pamoja na paneli.

Waliotutangulia

Jambo hili si ndoto. Mwaka 2011 wanawake wa vijijini kutoka mikoa yetu ya Lindi na Mtwara walikwenda India, katika kijiji cha Tilonia, jimbo la Rajasthan, kwenye taasisi iitwayo Barefoot College. Walisoma kwa miezi sita namna ya kuunganisha, kufunga na kutengeneza mitambo ya sola, kisha wakarudi kuwasha taa vijijini kwao. Wanawake wanaopelekwa huko wengi hawakusoma sana shuleni, na lugha ya walimu wao hawaijui. Hufundishwa kwa vitendo, kwa ishara na kwa rangi za vifaa. Chuo chenyewe pale Tilonia kinaendeshwa kwa umeme wa jua, kwa hiyo mwanafunzi anaishi ndani ya somo lake. Baadaye tawi la mafunzo hayo lilifunguliwa Kinyasini, Kaskazini Unguja, na sasa mama wa Kiafrika Mashariki anaweza kusomea ufundi huo bila kuvuka Bahari ya Hindi.

Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka paneli zenye uwezo wa kilowati 600 juu ya mapaa ya majengo yake mwaka 2014. Nchini Moroko, mwaka 2014 ulianzishwa mpango wa kuifanyia misikiti marekebisho ya nishati, kwa taa za LED, maji ya moto ya jua na paneli. Hata msikiti wa kale wa Koutoubia wa mjini Marrakech uliingizwa humo. Huko Indonesia, msikiti mkubwa wa Istiqlal wa Jakarta una paneli zaidi ya 500, na mwaka 2022 ulipata cheti cha kimataifa cha majengo yanayobana matumizi ya nishati na maji. Wote hao hawakutegemea paneli peke yake. Walipunguza matumizi na wakavuna jua.

Jiko lisisahaulike

Kwa madrasa zenye bweni, tuseme ukweli: nishati kubwa kuliko zote iko jikoni. Paneli mbili za taa haziwezi kupika wali na maharage ya watu mia moja. Serikali imekwisha kuagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Basi jiko lipangiwe bajeti yake mbali, kwa gesi au njia nyingine iliyo safi. Na huko nako kanuni ni ile ile ya kupunguza kwanza: maharage yarowekwe usiku kucha, sufuria ifunikwe, na moto uzimwe chakula kikiwa kinakaribia kuiva.

Kwa nini sola nyingi hufa?

Wazazi wetu, hapa tunaomba mtusikilize kwa makini. Ziko sola zilizofungwa kwa shangwe na hotuba, na baada ya miaka michache taa zikazimika. Mara nyingi paneli haina kosa, kwani hudumu miaka 20 na zaidi. Kinachokufa ni betri, na pamoja na betri hufa mradi mzima kwa sababu hakuna aliyeweka fedha ya kununulia nyingine. Betri za kawaida za risasi na asidi hudumu miaka michache tu katika joto la pwani. Za lithiamu hudumu zaidi, lakini nazo zina mwisho.

Dawa yake ni mfuko wa betri. Tuseme kwa mfano betri imenunuliwa kwa shilingi 1,200,000 na inatarajiwa kudumu miaka 8, yaani miezi 96. Gawanya: kila mwezi ziwekwe shilingi 12,500. Madrasa yenye wanafunzi 100 ni shilingi 125 kwa mwanafunzi kwa mwezi. Kamati isiyoweza kukusanya kiasi hicho isijidanganye kwamba imepata umeme wa bure.

Mambo mengine ya kuzingatia ni haya:

1. Paneli isiwekwe chini ya mnazi. Kivuli cha kuti moja hupunguza umeme wa paneli nzima, na nazi ikidondoka hupasua kioo.
2. Hewa ya bahari ina chumvi. Tumieni fremu za alumini na bolti zisizoshika kutu, na paneli zioshwe kwa maji baridi ya kisima yasiyo na chumvi, asubuhi kabla jua halijapanda.
3. Betri ikae mahali penye kivuli na hewa, mbali na watoto.
4. Mnunue vifaa vyenye alama ya TBS na risiti, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni. Paneli za bandia zipo sokoni.
5. Betri ya madrasa isigeuzwe kuwa ya kuchaji simu za mtaa mzima, wala televisheni ya mechi. Hesabu yetu haikuwemo hayo.
6. Wachaguliwe wanafunzi wawili kila muhula, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wafundishwe kusoma kipimo cha betri na kuandika daftarini kila jioni. Betri inayoanza kudhoofu hujulikana daftarini kabla ya kujulikana gizani.

Sadaka inayoendelea

Imepokewa kwamba sahaba Tamim ad-Dari (R.A.) ndiye wa kwanza kuwasha taa misikitini. Alileta mwanga mahali pa ibada na elimu, na jina lake bado linatajwa. Anayetoa paneli, betri au taa moja kwa ajili ya madrasa ametoa kitu ambacho kila usiku mtoto atakisomea Qur'an. Ni vyema vifaa hivyo viandikwe kuwa wakfu wa madrasa, vihesabiwe kila mwaka mbele ya wazazi, na kusiwepo mtu, awe kiongozi au mwalimu, mwenye ruhusa ya kuvihamishia nyumbani kwake.

Nanyi wanafunzi msidhani kwamba jambo hili ni la wakubwa peke yao. Wiki hii, kila mmoja aandike vifaa vyote vya umeme vya nyumbani kwao au vya madrasani, wati zake na saa zake, apige hesabu kama tulivyofanya hapa, kisha amwoneshe mzazi. Na mtakapotoka darasani mchana, anayekuwa wa mwisho azime feni. Ndoo huzibwa tundu moja baada ya jingine.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie elimu yenye manufaa, azibariki mali za wenye kutoa, na aijaze nuru madrasa yetu na nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.